Zamu ya Pili, Uvinza

Sinia la nne limeungua.
Ukoko mweusi, harufu ya chuma,
na magunia sita ya chumvi ambayo hayatakuwepo
lori la Kasulu likija Alhamisi.

Butoyi alipaswa kuwa pale motoni.
Hakuwepo. Mara ya tatu mwezi huu.
Sasa amefika, amesimama mlangoni na jasho lake,
na wengine kumi na mmoja wameegemea machepe
wananitazama mdomo,
wapime huyu mwanamke waliyeletewa
ana kelele kiasi gani.

Kelele ninazo.
Zimepanda kama maji ya kisima yakianza kuchemka,
lile povu la kijivu la mwanzo
ambalo huliengua na kulimwaga.
Engua kwanza, Nyamwiza.

Ruhwaza aliyenitangulia hakuengua.
Alitukana saa mbili, saa tatu amesahau,
anakuomba tumbaku.
Sisi hatukusahau. Tulimletea mikono
tukaacha vichwa nyumbani.
Pampu ilivuja miezi minne, kila mtu anajua,
akaja kuambiwa na mlipuko.

Nikamwita Butoyi nje, nyuma ya kuni.
Nikauliza, "Umekula?"
Swali la kijinga. Akatazama viatu.
Kisha, neno moja moja:
mama yake, pumzi, pikipiki ya usiku hadi Nguruka,
"sikuwa na wa kumwambia, bosi."

Wa kumwambia nilikuwa mimi.
Hilo liliuma kuliko magunia sita.

Nusu siku nilimkata. Sinia ni sinia,
na kumi na mmoja wanajua kuhesabu.
Lakini zamu nikambadilishia hadi mwisho wa mwezi,
nikarudi ndani nikasema:
mwenye shida nyumbani aseme kabla ya moto,
sitamla.
Hakuna aliyeitikia. Mmoja alikohoa.

Wanasema watu hutia chumvi maneno.
Sisi hapa tunaitoa majini, tunajua gharama yake:
kuni, macho mekundu,
na kujua lini upunguze moto.

Usiku nikanawa, nyufa za vidole zikawaka.
Sikuwa na hakika. Bado sina.

Ila Jumanne, kabla ya king'ora,
yule kijana Bukuru asiyesema na mtu
alinifuata hadi kwenye mizani,
akakuna shingo, akatazama Ruchugi, akasema:
"Bosi, kile kisima cha pili.
Bomba linalia vibaya.
Nimelisikia tangu juzi."