Kafa Ulaya

Tulifika Buguruni saa nne, kirikuu kinakohoa,
masanduku matatu, koti moja la manyoya bandia,
na Mponda, mpiga zeze, akilalamika njaa.
Ukumbi hakuna. Mwalimu Lugendo akatupa bwalo,
harufu ya maharage ingali ukutani.
"Wayahudi wa Ulaya na Buguruni," akasema,
"wapi na wapi?" Lakini alikaa mstari wa mbele.

Mimi ndiye karani. Kila shule naua kwa kalamu:
nasoma jina, natia vyema, nageuza ukurasa.
Estera. Yakobo. Hana, miaka sita.
Majina wanayoyajua, wanakaa nayo dawati moja.
Nilipomwita Hana mara ya pili
kidato cha pili kizima, kwa mazoea ya asubuhi,
kikaitikia: Hayupo!
Wakacheka.
Kisha kicheko kikawafia mdomoni
na mimi nikasahau mstari unaofuata.

Baada ya mchezo, karatasi za manila na mkaa.
Wengi walichora treni ya Pugu, ndiyo waijuayo,
wakaiziba madirisha.
Siwema alichora viatu.
Viatu tu, lundo hadi ukingoni mwa karatasi:
cha mtoto, cha mama, kisigino kilicholika upande,
kamba iliyopigwa fundo mara mbili
na mtu aliyekuwa na haraka.

Mama yake anauza mitumba Karume.
Alfajiri hukata belo pamoja;
kazi ya Siwema ni kutafuta pea.

"Bibi huviita kafa Ulaya," akaniambia, mkaa puani.
"Tulidhani ni utani."

Nikamweleza: hivi vyenu vimetolewa tu,
wenyewe wazima, wamenunua vingine.
Akanitazama kama mteja anayeshusha bei.
"Na vile vya kwenye mchezo?
Vilivuliwa, vikachambuliwa, vikagawiwa?"
Nikasema ndiyo.
"Basi alikuwepo wa kutafuta pea."

Sikuwa na jibu. Mponda aliacha kutafuna.

Karatasi yake tumeibeba Tandika, Kigamboni, Chanika.
Tunaitundika nyuma ya meza yangu,
tukimaliza tunaikunja.
Mkaa wake haukauki.
Umeingia kwenye shati la karani, begani,
na sabuni ya mche haiutoi.