Jino la Bi Leokadia

Saa nane mchana, Februari, mjini Łódź
(jina lake maana yake mashua, wala bahari haina),
jua limeinama hadi kimo cha madirisha,
linapenya lango la kiwanda kilichokufa:
ukanda mmoja wa mwanga,
mwembamba kama utepe wa fundi cherehani.

Halszka anausubiri ng'ambo ya reli,
vidole vimekufa ganzi.
Hatafuti mtu. Anatafuta mahali;
mtu atakuja mwenyewe.

Niliwahi kumchorea ubeti wa kwetu:
ukwapi huku, utao huku, katikati pumzi.
"Na mstari wa mwisho mnauitaje?"
Kituo, nikamwambia, yaani pa kusimama.
Akacheka, akanyoosha kidole:
kituo cha tramu, na nguzo yake
inayoupasua ukuta, kushoto weusi, kulia weupe.

Ndipo akaja mwanamke,
akasimama pale pale penye mshono,
mkono shavuni.
Kiganja kikapata jua, macho yakabaki gizani.
Ta!

Matofali ya mji ule ni mekundu kama maini.
Filamu haikuambiwa. Iliyafanya majivu,
na koti lake la kijani, nililoliona kwa macho yangu,
likageuka kaniki.

Usiku, ndani ya beseni la dawa,
lilitangulia koti, ikafuata nguzo.
Mkono ulikawia, nikadhani umepotea,
kumbe mkono ni karatasi yenyewe,
pale tusipoandika kitu.

Kulia kulikuwa na kijana na gunia la viazi,
kinywa wazi, anacheka.
"Akibaki huyu," Halszka akasema, "msiba umekwisha."
Akamkata.

Maktabani watu waliipita picha ile
wakishusha sauti. Mjane, walinong'ona.
Mmoja alivua kofia.
Hata siku ya nne akaingia mwenyewe, Bi Leokadia,
akajitazama weee, mkoba kifuani.
"Nilikuwa natoka kung'olewa jino," akasema.
"Gego. La chini."
Akaachama tulione pengo.

Mimi niliona haya. Halszka hakuona.
Alimfungia nakala kwa gazeti la jana,
akamsindikiza hadi mlangoni.

Mwaka wa tatu akarudi.
Koti jeusi, safari hii jeusi la dukani.
Nakala ya kwanza, alisema, imeharibiwa na mvuke wa jikoni.
Hakusema nani amekufa, nasi hatukuuliza;
alikaa tu kwenye kiti cha Halszka,
mkono ukapanda shavuni bila yeye kujua,
na taa ya dukani ikamwangukia vibaya,
toka juu, bapa, bila kivuli cha maana.

Tulikwisha shika karatasi aliposema:
"Kulikuwa na kijana wa viazi.
Alikuwa ananicheka mimi, shavu langu lilivyovimba.
Mnaye bado?"

Halszka akapekua makopo, akainua filamu dirishani.
Alikuwepo, kinywa wazi, meno meusi kwenye uso mweusi zaidi,
kama wanavyokuwa watu wote kabla ya kugeuzwa.

Tukazima taa.