Kidole cha Tumbaku

Hukumu ilisomwa Tabora mjini kwa dakika kumi na moja.
Pingamizi la awali limekubaliwa:
kiapo cha Sinzobakwira hakina tarehe.

Naye hata siku aliyozaliwa haijui.

Basi jina halirudi daftarini,
lake wala ya kaya tisa za Barabara ya Kumi na Tatu.
Cheti cha uraia kimo ndani ya mfuko wa mbolea,
kimekunjwa mara nne.

Siku ya kura alishinda Ulyankulu akichochea bani.
Mihambo alipita, akamsalimia kwa mkono wa kushoto;
wa kulia, wenye wino, kauficha mfukoni.

Sinzobakwira akatazama kidole chake: cheusi vilevile.
Utomvu wa tumbaku hautoki kwa sabuni,
wala haukuulizi babu yako kazikwa wapi.