Kupigwa Kalamu

Ijumaa saa nne, Nzisa wa ofisi ya wafanyakazi
alinipa bahasha bila kunitazama machoni.
Miaka kumi na mmoja nikisahihisha vitabu vya shule,
nikiwinda koma zilizotoroka,
halafu mstari mmoja, sahihi moja ya wino wa buluu:
nimepigwa kalamu.

Sikwenda nyumbani. Nilishuka hadi Gikomba, darajani,
mto unaponuka sabuni na ngozi mbichi.
Kandoni, kati ya mifuko na viatu visivyo na wenzao,
matete yalikuwa yamesimama.
Hakuna aliyeyapanda.

Ndipo nikamkumbuka Maalim Feruzi wa Majengo.
Alikuwa akishuka papa hapa na kisu cha kumenyea viazi,
akikata utete, akiuchonga ncha mshazari,
akiupasua kidogo, akiuchovya katika wino wa masizi,
nasi watoto wa chuoni, makamasi yakituning'inia.
"Hii ndiyo kalamu," alisema.
"Wayunani waliliita tete *kalamos*,
Waarabu wakasema *qalam*,
sisi tukalipokea, tukalitia irabu mwishoni,
maana hatupendi neno lifungwe mdomo."

Nilimwonyesha unyoya wa jogoo niliouokota soko la Burma.
Akaupeleka kwenye mwanga, akachungulia kishina chake:
wazi ndani, kama utete.
"Ndege naye ana matete," akasema. "Yake humea ngozini."
Kisha akaniuliza juzuu niliyotakiwa kuihifadhi,
na sikuwa nimeihifadhi.

Kamusi ya mwisho niliyoipitia kiwandani ilisema:
*kalamu, nomino, kifaa cha kuandikia.*
Haikutaja tope. Haikutaja chura.
Niliisoma mara tatu, nikaipitisha.

Nikateremka, suruali ya kazini na yote,
nikavunja utete mmoja kwa mkono.
Kijana aliyekuwa akiosha mitungi ya plastiki akaniangalia.
"Mzee, hiyo ni dawa ya nini?"
"Si dawa. Ni kalamu."
Akacheka mpaka akaacha mtungi uende na maji.
Akachomoa nyuma ya sikio yake ya shilingi kumi,
kifuniko kimetafunwa:
"Hii ndiyo kalamu."

Sikubishana naye.
Niliutia utete ndani ya bahasha, juu ya barua,
nikapanda kuelekea Pumwani.
Ulikuwa bado unachuruzika.
Nilipofika juu, buluu ya sahihi
ilikuwa imeanza kutambaa.