Titi la Siku Tisa

Kituo cha afya, Koboko, saa saba mchana.
Driciru ameingia na kitenge kifuani,
ndani yake binti wa siku tisa, jina bado.
Nyuma yake mama mkwe, mikono kaificha.

"Halali. Ukimgusa upande huu, anapiga yowe."

Nafungua kitenge.
Titi la kulia limevimba, linang'aa.
Wekundu hujificha katika ngozi yetu;
sikuuamini macho, nikaweka mgongo wa kiganja:
moto.
Nabonyeza kwa ncha ya kidole,
na kitu kinatikisika chini,
kama uji uliofunikwa na utando.
Jipu. Limeiva.

"Nani alilikamua?"

Bati la paa linalia kwa joto.
Kisha bibi anaitoa mikono, anaitazama.
"Mimi. Lilikuwa na maziwa. Nilikamuliwa mimi,
nikawakamua wanangu saba. Yasiganda, tuliambiwa."

Mama, maziwa yale yalimfuata kutoka tumboni mwa mamaye,
yakiachwa hukauka yenyewe.
Kidole ndicho kilichofungua mlango,
na uchafu haubishi hodi.

Nahesabu pumzi: arobaini na nane.
Kipimajoto: thelathini na saba na nukta mbili.
Kitovu kikavu. Ziwa analishika.
Analia, analia hasa, na mimi nakishukuru kilio;
angekuwa kimya, amelegea,
tungekuwa barabarani sasa, tunakimbilia Arua.

Kisu kipo kwenye trei.
Lingekuwa pajani, lingekuwa kisogoni,
ningepasua, nikakamua, nikafunga.
Lakini chini ya usaha huu kuna tumba,
dogo kuliko punje ya simsim,
na siku moja mtu atalililia njaa usiku.

Nachukua sindano.
Naingilia ukingoni, mbali na chuchu. Navuta.
Unapanda taratibu, mzito, rangi ya siagi iliyochacha,
mililita mbili, tatu.
Driciru ameuma pindo la kitenge.
Titi linanywea.

Mtalala hapa. Kloksasilini kwa mshipa,
kesho nitabonyeza tena; likijaa, nitavuta tena.
Mnyonyeshe kila anapotaka.

Bibi bado amesimama.
"Na hii mikono," anauliza, "niipeleke wapi?"

Nampa sabuni.
Na baada ya sabuni, mtoto.