Kina cha Kiberiti

Godoro la kitanda namba tatu lilininyang'anya mtu.
Nasema hivyo nikijua godoro halina mikono.
Usiku ule wa Machi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati
hata dua husikii,
nilimkandamiza Ambokile, dereva wa trekta la chai,
na kila nilichokipa kifua chake
sponji ilikinywa.
Alizama na kuibuka mzima mzima
kama mtoto anayebembelezwa,
nami nikidhani naugusa moyo.

Nduguze walileta mkungu wa ndizi, wakashukuru.
Hakuna aliyeuliza swali.
Heri wangeuliza.

Ndipo nikashona gunia.
Pumba za mpunga wa Kyela,
katikati mpira wa miguu uliochoka,
chini yake chupa ya maji, ile laini,
inayolia *ka!*
ukifika kina cha kiberiti kilichosimama wima.
Isipolia, hujafika.
Tukamlaza sakafuni. Jina hatukumpa,
ila Kissa mfagizi alimvika shati.

Tatizo la kwanza lilikuwa ulimi.
Moja, mbili, tatu, mkono unakwenda.
Ukifika kumi na saba neno limerefuka,
mkono unalisubiri neno;
ishirini na tisa ni safari ya Mwakaleli kwa miguu.
Damu haina subira hiyo.
Lugano akasema, basi tuishie kumi,
kumi mara tatu, halafu pumzi mbili.
Tukajaribu, saa ya ukutani ikitusimamia,
na mwendo haukulegea tena.

La pili lilikuwa huruma.
Watu wanaegemea. Wanamlalia mgonjwa
kama wanaoaga.
Mzee Mwakipesile, mlinzi, akaniomba ruhusa,
akarudi na pampu ya baiskeli yake.
"Sista, tazama. Umeshindilia, sawa.
Usiporudisha mpini mpaka juu
mara ya pili utasukuma nini?"
Akaupandisha taratibu. Tukaisikia ikivuta.
"Kurudi nako ni kazi," akasema,
na mimi niliyesoma miaka mitatu chuoni
nikayaandika maneno yake ukutani.

Halafu kuchoka, kunakojua kujificha.
Lugano jasho linamtiririka, kijana shupavu,
na chupa imenyamaza zamani.
Hajui.
Tukakubaliana: dakika mbili, badilisha,
uwe tabibu, uwe mfagizi.

Kabati la dawa la zamani tuliling'oa mlango,
tukauegesha nyuma ya kitanda namba tatu.
Bado una kitasa.

Juni, ukungu umeshuka mpaka dirishani,
wakamleta mwalimu Tuntufye kwa bodaboda,
katikati ya wanawe wawili, kichwa kinaning'inia.
Mlango ukaingia chini ya mgongo wake.
Nikaanza mimi. Kissa. Lugano. Mimi.
Mzee akavua koti la lindo, akapiga magoti
kabla sijamwita.
Kifua cha mtu hakina chupa;
ubavu mmoja ulilia, hatukusimama.
Kumi, kumi, kumi.
Kilizama kilipotakiwa kuzama,
kikarudi chote, kila mara kikarudi chote.
Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama Kiwira.
Dakika thelathini na nane.

Hakurudi.

Nilipanda mlima kwenda nyumbani kukipambazuka,
alama ya kifungo cha shati lake kiganjani,
nikajitupa kitandani na viatu,
nikalala.
Tangu Ambokile sikuwa nimelala hivyo.
Sijui kama ni haki kulala
siku ambayo wana wawili wanachimba kaburi.
Nililala.

Jioni, getini, mzee ananingoja,
pampu imefungwa kwenye baiskeli.
"Sista, leo tunafanya saa ngapi?"
Nikamwambia chupa imepasuka.
Akaingiza mkono kwenye koti,
akatoa nyingine.