Waya Juu ya Zabibu

Saa kumi jioni nilikuwa bado nampata Chilongani
kwenye megahazi saba, sauti yake kavu
kama mtu anayekoroga mchanga chumba cha pili.
Gulwe, alisema, mto umekata tuta,
reli inaning'inia hewani na mataruma yake
kama ngazi iliyokosa ukuta wa kuegemea.
Mnara wa simu umezimika tangu adhuhuri.
Nikaandika saa, nikaandika neno kwa neno
kwenye daftari ambalo wanafunzi wangu wa fizikia
wanadhani ni la maksi zao.

Giza likaingia Kikuyu, masafa yakabadili tabia.
Nikamsikia mtu wa Lusaka akimsifia mwenzake antena,
nikamsikia mwingine wa Muscat, safi, kama yuko mlangoni.
Gulwe, hamna.
Ndivyo ilivyo saba usiku:
inawaruka wa karibu kama ndugu aliyepata cheo.

Kushuka tatu na nusu kunataka waya mrefu,
mita kumi zaidi kila upande,
na ua wangu ulikuwa umeisha.
Nikamgongea Mama Nyemo.
Nataka kupitisha waya shambani kwako.
Akanimulika tochi usoni.
"Mwalimu, huo wa kumnyonga nani?"

Ilikuwa shaba ya mota ya pampu iliyoungua,
nyembamba, yenye harufu ya moshi bado.
Tukaifunga nguzo kwa nguzo juu ya zabibu mbichi,
vipande vya ndala vikiwa ndio vihami,
yeye akishika, mimi nikikaza,
mvua ikitudondokea shingoni.
Waya wa chini haufiki mbali, nikamweleza,
huirusha sauti juu wima, nayo huanguka hapa hapa:
Kongwa, Mpwapwa, Gulwe.
"Kama hii mvua," akasema.
Dodoma hakuna anayeitukana mvua.
Usiku ule Mama Nyemo alikaribia.

Betri ya Fuso, volti kumi na mbili na kidogo.
Nikapunguza nguvu ya mtambo, nikazima taa, nikabaki na mshumaa.
Kuna mtu anatumia masafa haya?
Kimya.
Nikauliza tena, maana ndivyo nilivyofundishwa,
hata nyumba ikiungua, piga hodi.
Kisha: dharura, dharura, dharura.

Mluzi. Mkwaruzo. Halafu yeye:
"Mwalimu, nakupata kwa shida. Nina orodha.
Waliofika salama kilimani. Uko tayari kuandika?"

Kaka yangu Lechipya ni nyapara wa genge la reli.
Chilongani amekula kwake mara ngapi sijui.
Hakuna aliyelitaja hilo.
Yeye alisoma, mimi nikarudia.
Rudia kuanzia la kumi na tisa.
Ni Masima au Msima? Herufi ya pili?
Thelathini na moja, wawili kati yao watoto
wasiojua majina ya baba zao, wameandikwa kwa rangi ya nguo.

L hazikuwemo.

Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.
Kuna swali moja ambalo halikuwa la wilaya,
wala la mtu yeyote anayesubiri ujumbe huu.
Nikasema: nimepokea majina thelathini na moja. Nasikiliza.
"Sina zaidi," akasema. "Nami nasikiliza."
Tukakaa hivyo, kila mmoja na ukimya wa mwenzake,
muda mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu.

Mama Nyemo akaipeleka orodha kwa bodaboda,
kaiweka ndani ya mfuko wa sukari isilowe.
Alirudi, akajilaza kwenye mkeka, viatu miguuni.

Saa kumi na dakika kumi, alfajiri:
"Nyongeza. Jina moja. Nalitaja herufi kwa herufi."
Alipotamka ya kwanza
nilikuwa nimeshaandika zote.

Nikazifuta.
Nikaandika upya, moja moja,
kadiri alivyozitaja.